Hodi ya Namba Kumi

Mashine ilikufa Jumanne, kepasita zimevimba kama vitumbua.
Kurasini, ofisi ya mzani, malori kumi na saba
foleni hadi barabarani,
na Bi Thekla Mbawala kwenye simu: "Njoo na chochote."

Nikaja na kompyuta ya mtumba kutoka Kariakoo.
Ndani yake nikaweka mashine ya kuigiza,
na ndani ya hiyo nikailaza programu ya mwaka tisini na sita
isijue kwamba imehama.

Ikaamka. Ikatafuta disketi, nikaidanganya ipo.
Ikauliza saa, nikaipa.
Kisha ikapiga hodi mtandaoni
kwa mtindo uliokwisha kufutwa:
soketi, aina ya kumi.

Kiini cha mfumo kikajibu kama karani wa dirishani:
aina hiyo haitambuliki.
Ikazimika bila neno.

Elibariki, muuza mifumo, alicheka.
"Kaka, andikeni upya. Nani bado anabisha hivyo?"

Ninapoishi panaitwa Kinuni.
Kinu kiling'olewa sijazaliwa.
Mwambie bodaboda "Kinuni," hata saa nane usiku,
uone kama atakuuliza kinu kiko wapi.

Basi usiku ule, feni ikizungusha joto lile lile,
nikaufungua msimbo wa mashine ya kuigiza,
nikaandika mistari sita:
akija wa kumi, asirudishwe;
apitishwe mlango wa leo,
ajibiwe kwa jina lake la jana.

Ikagoma.

Saa tisa ndipo nikaona: baiti mbili zimepishana,
ya nyuma imetangulia,
kama mtoto aliyevaa ndala ya kushoto kulia.
Hakukosea. Enzi zake ndivyo walivyovaa.
Nikazigeuza mwenyewe, kimya.

Aliyeiandika aliacha onyo moja tu mle ndani:
"Usiguse. Mkwizu."
Sikuigusa, Mkwizu.
Nimegusa dunia iliyoizunguka.

Asubuhi lori la kwanza likapanda sahani ya mzani,
namba zikahangaika, zikatulia.
Printa ya riboni ikakereza:
tani ishirini na nane, kilo mia nne.
Mwaka: 19125.

Bi Thekla akaukata mwaka kwa kalamu
kama alivyozoea tangu milenia igeuke,
akaandika wa kweli pembeni, akagonga muhuri.

"Anayefuata!"