Kamba ya Kitanda

Saa nane usiku, Langoni, Lamu.
Punda wa jirani amelia mara tatu
na mimi nimegeuka mara kumi na moja.
Kila mgeuko una matayarisho yake:
kwanza magoti, kisha nyonga,
kisha tumbo, nilibebe kwa mikono miwili
kama sinia la pilau mlangoni pa arusi,
lisimwagike.

Nesi Dhahabo alisema, "Lalia kushoto.
Damu ipite, mtoto apate haki yake."
Akaandika kwenye kadi,
akapiga mstari chini ya *kushoto*
kama mwalimu aliyechoshwa na darasa.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanashee, akaisoma kadi
(miwani yake sikio moja ni uzi).
"Kushoto? Sisi tumefunzwa kulia.
Kulia ndiyo sunna."
Hakugomba. Alirudi kwenye ungo wake,
akachagua chuya moja, akamrushia kuku.

Basi kila usiku nalala baina ya watu wawili
wasiokuwapo kitandani,
na wa tatu, aliyeko ndani, asiyesoma kadi,
hupiga teke palepale nilipolalia.

Shekuwe yuko tanurini, anakanda unga.
Atarudi alfajiri na nyusi nyeupe,
mkate wa moto kwapani.
Kila akitoka husema, "Ijumaa nitaikaza kamba ya kitanda."
Ijumaa tatu zimepita.
Kamba imebonyea katikati
kama kikapu kilichozoea nazi.

Nina mito mitatu ya sufi.
Mmoja kati ya magoti.
Mmoja chini ya tumbo; huo umetoboka,
asubuhi nachambua sufi nyweleni.
Wa tatu mgongoni, na huo ndio msaliti:
nikisinzia tu, huanguka sakafuni,
puu,
nami kuinama siwezi.

Kiungulia kimepanda hadi kooni.
Ni ule mchuzi wa papa, na ukwaju, na tamaa.
Ngazi za kwenda msalani ni kumi na nne.
Nimezishuka mara nne, nimezipanda mara nne.
Piga hesabu wewe, mimi nimechoka.

Kisha mguu ukashikwa, shavu lake likawa jiwe.
Nikalia. Si kilio cha kuamsha mtaa,
ni kile kidogo cha puani, cha aibu.
Lakini Bi Mwanashee hulala mlango wazi.

Alikuja na tochi ya simu. Hakuuliza.
Aliukamata wayo wangu, akausukuma juu
hadi msuli ukaachia.
Kisha akautazama ule mto sakafuni
kama mlinzi aliyefumaniwa amelala zamu,
akausukumia uvunguni kwa mguu,
akapanda yeye.

"Mama?"
"Sogea. Lala kushoto kwako, kama alivyosema Dhahabo."
Akalala mgongo kwa mgongo nami, uso ukutani.
Uti wake niliusikia kupitia deraa,
punje kubwa kubwa za tasbihi.
Kamba ikabonyea, tukateleza sote wawili
hadi katikati, tukagandana.
Joto lake likaingia kiunoni, pale panapouma.

Gizani akasema, kana kwamba anauambia ukuta:
"Wa tatu wangu nilimlalia nimekaa,
nimeegemea gunia la mchele, miezi miwili.
Hakuna aliyeniambia kushoto.
Hakuna aliyeniambia kulia."

Nawajua wanawe: Shekuwe, Somoe.
Sikuhesabu kwa sauti.

Mtoto akanyoosha mguu, mrefu, bila haraka.
"Amenipiga," akasema.
Haiwezekani. Sikubisha.
Ndipo nikagundua yeye amelalia ubavu gani,
nikacheka ndani ya mto
na sikumbuki mwisho wa kicheko.

Alfajiri Shekuwe aliingia na harufu ya mkate,
akasimama, akatutazama,
akaijaribu kamba kwa kidole.
"Leo Ijumaa," akanong'ona. "Naikaza leo."

Bi Mwanashee, macho yamefumbwa:
"Thubutu."