Daftari la Tsiala

Kompyuta ya duka la Tsiala imeamka leo
na kusahau kwamba ina tumbo.
Feni inazunguka, taa inapepesa,
halafu skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe:
diski haikuonekana.

Ameileta kwa kigari cha kuni, juu ya theluji,
kaifunga blanketi kama mtoto mwenye homa.
"Malkhaz," anasema, "humo mna mji mzima."
Kweli mna. Sukari ya nusu ya Ambrolauri,
unga wa kina Guram tangu mavuno ya zabibu,
sigara za mwalimu wa hesabu,
mishumaa ya msiba wa Shota, ambayo wanawe watatu
kila mmoja anadhani mwenzake alishalipa.

Naingia menyu ya msingi, nasoma:
kibodi ipo, kumbukumbu ipo,
saa ipo, ingawa inadai tuko mwaka elfu mbili.
Penye diski: hakuna.
Neno hilo silipendi. Imekufa ningeielewa.
Hakuna ni mtu anayegongewa mlango
akajibu mwenyewe kwamba hayupo.

Nabadilisha betri. Hakuna.
Naihamisha soketi. Hakuna.
Naweka sikio juu ya chuma, nabana pumzi:
inanguruma ndani, taratibu, kama paka aliyeshiba.
Basi i hai. Haisikiki tu.

Mlangoni wameanza kupita.
Guram anauliza bei ya chaja, ambayo anayo.
Mwalimu wa hesabu ameleta jibini, bila sababu.
"Vipi, imepona?"
na macho yanaomba jibu jingine.
Ugonjwa gani huu, majirani wote wamejaa pole
na hakuna anayeombea mgonjwa ainuke?

Jioni, kwa tochi, nauona:
waya mwekundu, bapa, mwembamba kama ulimi wa mjusi,
kichwa kimechomoka upana wa ukucha,
unyoya wa paka umekwama katikati.
Ndiyo yote. Kidole kimoja kinatosha.

Kidole changu hakiendi.
Maana nami nimo humo:
mitungi miwili ya gesi, mafuta ya alizeti,
buti za binti yangu Eka. Lari mia nne na kumi.
Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga,
ambao hawakuwahi kushika bisibisi.

Tsiala amekalia ndoo iliyopinduliwa,
anakunja blanketi, analikunjua.
Hajaniuliza bei.
Ananiuliza kama nimekula.

Tiki.
Mlio mdogo, kama wa ganda la karanga.
Skrini inafikiri. Kisha majina yanarudi, moja moja,
langu la kumi na saba.

"Kazi ni lari ngapi?"
"Punguza kwenye lile langu."
Anavaa miwani, anabonyeza kwa kidole kimoja.
Mia tatu na tisini.
Nje, Guram ameuona mwanga dirishani
na papo hapo amekumbuka ana safari.