Ukurasa wa Thelathini na Saba

Miaka kumi na tisa nimefunga kurasa kwa mkono
kama mshonaji wa Kadutu afungavyo vifungo:
kila alama niliyoifungua, nikaifunga mwenyewe
kwa kidole hiki chenye kovu.
Programu yangu haijui kitu. Ni karatasi tupu yenye mwanga.
Haina rangi, haina ushauri.
Inawaka upesi kuliko kiberiti,
na umeme ukikatika haina kikubwa cha kupoteza.

Nsimire ameleta nyingine ndani ya flashi,
amepanda ngazi mia na nane, matope ya Aprili visiginoni.
"Yaya, jaribu hii. Inamalizia neno kabla hujalifikiri."
Nikamwambia, hata shemeji yangu hufanya hivyo
na sijawahi kumlipa.

Maana hii inalipwa. Dola kumi na mbili kwa mwezi,
nami najua mkaa wa dola kumi na mbili unafika wapi.
Nayo ni nzito: feni ya mashine inalia
kama pikipiki yenye abiria watatu inayopanda Cimpunda.

Nikapima.
Sikupima kwa hesabu. Nilipima kama mama wa maharage,
anayeongeza kiganja, anapunguza,
macho yake yakiwa kwenye uso wa mnunuzi.

Kuna habari ya Zihindula, seremala wa Nyawera:
vitanda, milango, majeneza.
Mwezi wa pili alibadilisha namba ya simu.
Kurasa sitini na moja.
Nilizibadilisha moja moja, usiku wa kwanza, usiku wa pili,
simu mdomoni iwe taa.
Nikaruka moja.
Ya thelathini na saba. Ya majeneza madogo.

Mtu mmoja wa Bagira aliipiga namba ile ya zamani.
Ikapokelewa na mgeni huko Uvira, asiyejua mbao wala msiba.
Umekosea, akaambiwa.
Akapiga tena.
Umekosea.

Zihindula hakunigombeza.
Aliweka tu simu yake juu ya meza yangu, akakaa.

"Katika hii," anasema Nsimire, "namba unaiandika mahali pamoja,
kurasa zote zinaitii."
Mahali pamoja.
Nilishuka ngazi kwenda kununua mega
na neno hilo likashuka nami, hatua kwa hatua.

Saa nane za usiku, mega zikiwa rahisi, nikaanza kuipakua.
Asilimia arobaini na tatu, SNEL ikachukua chake.
Alfajiri ikaendelea palepale ilipoachia.
Hilo nalo nikalitia kwenye mizani.

Nikafungua humo kazi yangu ya kwanza,
ukurasa wa maktaba ya parokia, maktaba isiyokuwepo tena.
Ikaupaka rangi wote, buluu, kijani,
na mistari myekundu chini ya makosa ya ujana wangu.
Kumi na manne. Niliona haya, na hakuna aliyeniangalia.

Kisha mstari mmoja wa kijivu,
kati ya zile alama ambazo msomaji haonyeshwi:

*risasi zinalia upande wa Nguba. nimeishia hapa. kesho.*

Sikumbuki kuuandika.
Nakumbuka tu kwamba kesho ile
ilifika siku ya kumi na moja.

Programu ikauliza, kwa adabu ya karani:
Nifute mistari isiyotumika?

Nsimire alikuwa dirishani akitafuna hindi la kuchoma.
"Kubali," akasema bila kugeuka, "inafanya ukurasa uwe mwepesi."

Nimelipa mwezi wa kwanza.
Namba ya Zihindula inakaa mahali pamoja,
na ya thelathini na saba inaitii kama wenzake.
Karatasi yangu yenye mwanga sijaiondoa; haidai chumba kikubwa.
Swali lile linarudi kila asubuhi, kama mtoza ushuru,
nami kila asubuhi nalijibu Hapana
kwa kidole kilekile.