Senti Sabini na Tano

Shangazi Odalie ana orodha ya kumbi tano
nyuma ya risiti ya duka la dawa.
Miaka thelathini na moja alikuwa tarishi;
mtaa huu wa Treme anaujua kwa matundu ya barua,
hata ya milango isiyokuwepo tena.
"Shika upande wa kivuli," ananiambia,
"na goti langu usilihurumie."

Ukumbi wa kwanza ni maegesho ya magari.
Hapa Ndugu wa Taa Isiyozimika walikutana
kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi:
wasokota sigara, wapiga lipu, mwosha maiti mmoja,
viatu vinang'aa, mishipi ya hariri begani,
na neno la siri ambalo wake zao wote walilijua.
Sasa mashine inameza kadi, inatema tiketi.
Shangazi anaigonga lami kwa kisigino,
mara tatu, kimya, kisha mara moja.
Ndivyo babu yake Numa alivyobisha, eti,
hata kwenye mlango wa jikoni mwake.

Wa pili uko chini ya barabara ya juu.
Malori yanatupita utosini, du-dum, du-dum,
kila yanapovuka kiungo cha zege.
Palikuwa na mialoni hapa, safu kwa safu,
ikakatwa ili watu wa mbali wawahi kufika kwao.
Mtu amechora mwaloni kwenye nguzo,
majani yote, hata ndege.
"Mzuri," anasema shangazi, akijipangusa jasho.
"Hebu kaa chini yake upate kivuli."

Wa tatu tuliukosa.
Wa nne una mbwa.

Wa tano ni kinyozi. Marcelin anaacha kichwa nusu,
mteja na shuka lake shingoni anatutazama kwenye kioo,
na kutoka chini ya taulo safi linatolewa daftari
lililoanguka darini mwaka ule wa kimbunga,
limevimba kama mkate uliolowa.
Tunasoma. Chama cha kufa na kuzikana:
senti ishirini na tano kwa mwezi,
nawe ukiugua, daktari; ukifa, jeneza la msonobari,
magari mawili, matarumbeta kumi na mbili
ya kukulilia unapokwenda
na kuwachezesha wenzio wanaporudi.
Kifo cha wengi arusi.
Kifo cha mmoja ni hesabu.

Ukurasa wa themanini na nane, mwaka wa thelathini na mbili,
Numa Desvigne, mpiga lipu,
mstari mwekundu umempita kifuani.
*Miezi mitatu. Ameondolewa.*
Na chini, kwa mkono uleule, siku kumi na tisa baadaye:
*Amefariki. Chama hakihusiki.*

Nyumbani kwetu Numa alizikwa na bendi mbili.
Nyumbani kwetu miavuli iliziba njia
toka kanisani hadi lango la makaburi,
na farasi wa polisi alikataa kupita.
"Nani alisema bendi mbili?" namuuliza shangazi.
"Mama."
"Naye aliambiwa na nani?"
Mashine ya kunyolea inanguruma peke yake mezani.
"Mama alikuwa na miaka tisa," anasema.
"Mtoto wa miaka tisa utamwambiaje?"

Anafungua pochi, anatafuta chini ya funguo,
anapanga sarafu tatu juu ya mstari mwekundu.
Marcelin anarudi nyuma hatua moja.
"Bibi, mimi nanyoa tu. Sina mamlaka ya kupokea."
"Sikukuomba risiti."
Mteja anakohoa. Hakuna anayezigusa.

Nje, jua limehamia upande wetu.
Tumeshafika kona shangazi anapogeuka,
na goti lake lile,
anarudi hadi mlangoni na kubisha:
tatu, kimya, moja.
Marcelin anachungulia, kitana mkononi.
"Mmesahau kitu?"
"Hapana," anasema shangazi.
"Nilitaka kuona kama mtu atafungua."