Funguo za Banda

Kemunto, funguo ni mbili:
mdogo ni wa banda, mkubwa wa mlango wa paa, ule unaokwama.
Usiusukume. Uinue kwa bega, kama mtu anayejitwika gunia,
utafunguka wenyewe.

Wako wanne. Usidanganywe na yule mwekundu,
hukujia mbio kana kwamba hajala tangu Krismasi.
Amekula.
Kishingo ni wa kwetu Mwingi, alikuja ndani ya kikapu.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami nilimfunga siku tatu.
Ya nne nikaikata,
akanifuata hadi penye nguo zilizoanikwa.

Maji kwanza. Kabla ya chai yako, kabla ya redio.
Pitisha kidole ndani ya chombo: ukihisi utelezi, sugua,
hata kama macho yanakuambia ni safi.
Jua la saa sita juu ya mabati ya Kariobangi halina mjomba.
Weka maji nyuma ya tangi, kivulini.

Chakula ni cha gunia la kijani, cha wanaotaga.
Mkebe mmoja na nusu asubuhi, mwingine jioni.
Sukuma ya jana, wape. Ugali, kidogo.
Chipsi za chumvi usiwape, hata wakikutazama hivyo.
Maganda yamo koponi, nimeyakausha;
yaponde mpaka yasahau kwamba yaliwahi kuwa yai.
Wakiyatambua watajifunza kudonoa walichotaga,
na ile methali kwamba kuku havunji yai lake
utaiona ikivunjika mbele yako, na ute ukichuruzika.

Mayai uyatoe mara mbili, saa nne na saa kumi.
Usiyaoshe.
Najua mkono wako, Kemunto, wewe unaosha hata sabuni.
Lakini yai huzaliwa na shuka lake, jepesi, halionekani,
na maji yakilivua, uchafu umepata mlango.
Kinyesi kikikauka, kitambaa kikavu, polepole.
Lililochafuka sana, lipike leo leo hadi kiini kikauke.
Kisha unawe. Wewe, si yai.
Ncha nyembamba itazame chini.
Tarehe iandikwe kwa penseli.

Ukisahau tarehe, bakuli la maji baridi.
Likilala, ni jipya. Likisimama, lipike upesi.
Likielea, usilivunje ndani ya nyumba.
Mimi nililivunja, mwaka wa kwanza.
Kimanthi hakugusa mayai tena mpaka darasa la nane.

Mweusi akijikunja kiotani, akifura, akikukoromea,
si mgonjwa. Anaatamia.
Jogoo hatuna, wapangaji walimkataa,
kwa hiyo anayapasha joto mayai yasiyo na mtu ndani.
Mtoe kila asubuhi kwa mikono miwili, mbawa uzibane.
Atakudonoa hapa, chini ya kidole gumba.
Usimkasirikie.
Mimi nilikikalia kiwanja cha Joska miaka sita,
risiti mkononi, nikikipasha joto.

Mgonjwa utamjua: shingo imepinda, choo kijani, mdomo wazi.
Mtenge na wenzake, umwite Lokwawi wa chanjo, namba iko ukutani.
Jivu la jikoni usilitupe, wao ndilo huogea,
utitiri haulipendi.

Bwana Otiato wa chini hulalamika harufu.
Kila Ijumaa mpelekee mayai mawili, yenye tarehe ya karibu.
Pua yake hupona hadi Jumatano.

Nitakaa wiki tatu, labda nne.
Dada yangu anapasuliwa Alhamisi, mengine nitakuambia kwa simu.

Funga banda kabla giza halijaingia, na uhesabu.
Ukipata watatu, tazama nyuma ya tangi
kabla ya kunipigia.
Ukipata watano, nipigie.