Kimya, Ukurasa wa Arobaini

Kazi yangu kukaa nyuma ya pazia na tochi,
kunong'ona mtu akisahau.
Mchezo wenyewe mkongwe, wa Ulaya, hauna kichwa wala miguu:
watu wawili wamebeba mlango
wanatafuta nyumba ya kuutia.
Basi. Saa mbili nzima.

Mlango tuliagiza kwa Shaji, seremala wa Wadi Kabir.
Akachomoa penseli sikioni: Ukuta una unene gani?
Hakuna ukuta.
Akaandika sifuri, akaitazama ile sifuri,
akataka nusu ya pesa mbele.

Ofisi ya vibali, kijana wa kanzu iliyonyooka kwa pasi
aliuliza kwa adabu, Wanafika mwishowe?
Azzan akasema, Hawafiki.
Muhuri ukashuka.

Mazoezi tulifanyia ghala la viyoyozi, Al-Khodh, mwezi wa Juni,
viyoyozi mia mbili ndani ya maboksi
na sisi tunachuruzika.
Azzan upande wa kitasa, Sleyum,
mchana muuza tairi, upande wa bawaba.
Rayya ndiye aliyetafsiri. Penye neno la kugonga
akatia hodi.
Nikamwambia, hodi si kugonga tu,
hodi ina mwenzake.
Akasema, Wewe shika tochi.

Usiku wa kwanza, ukumbi wa skuli, viti vya plastiki.
Mstari wa mbele wazee waliokuja kusikia Kiswahili,
hata kingekuwa tangazo la dawa ya mende.
Chupa za kahawa zinapita mkono kwa mkono.

Ukurasa wa arobaini wanausimamisha mlango.
Sleyum anasema, Hodi.
(Kimya kirefu.)
Hodi.
(Kimya kirefu zaidi.)
Mara ya tatu, na kitabu kimesema wazi, kwa herufi za mlazo,
hakuna anayejibu, hajapata kujibu mtu

Karibu!

Bi Shinuna, kiti cha tatu,
aliyeteremka Maskati mwaka sabini na nne
na sanduku la bati
na anwani ya mjomba aliyekwisha kuhama.
Hakufanya mzaha. Alijibu kama mtu aliyeko jikoni
mikono ina unga.
Nyuma yake mwingine: Karibuni, piteni.
Na mzee mmoja, kwa ukali kidogo:
Sukuma, mwanangu, haukufungwa huo.

Sleyum akanigeukia, jasho hadi kwenye kola.
Nikapeleka tochi arobaini na moja,
arobaini na mbili, nikafunua mpaka jalada.
Kila mstari uliobaki
umeandikiwa watu wasiokaribishwa.
Sikuwa na la kumnong'oneza.

Ukumbi unangoja. Chupa ya kahawa imesimama hewani
baina ya mikono miwili.
Ndipo nikamwona anainama,
anavua kiatu, anavua cha pili,
anavipanga kando ya kizingiti.