Kona ya Nyuma ya Tangi

Garimoshi langu lina urefu wa kiganja na nusu.
Tumbo lake ni kipande cha bomba la maji,
kuta za kibanda cha dereva ni kadi za benki zilizokwisha muda,
ngazi mbili nimezikata kwenye mkebe wa kahawa.
Nimelijenga hapa Pasua, juu ya meza ya mke wangu,
miezi saba, na kila Jumamosi
naifuta meza kana kwamba sikuwapo.

Limebaki jambo moja.
Pale tangi linapokutana na kibanda,
nyuma, chini ya ngazi,
gundi ilivimba ikakauka kama kovu.
Ni pa kupita kijiti cha kiberiti kilichobana pumzi.
Kidole hakipiti. Tupa haipiti.
Jicho lenyewe linapita kwa kuazima tochi.

Nilikunja msasa namba mia nne, ukavunjika mgongo.
Nikaubandika kwenye kijiti cha aiskrimu, kikaikataa kona.
Kwenye kijiti cha meno ukaingia,
ukasugua pasipotakiwa,
na ribiti tatu nilizozipanga kwa ncha ya sindano
zikafutika kama hazijawahi kupangwa.

Msasa hauna kinyume.
Msumari ukienda upande utaung'oa,
rangi utaipaka juu ya rangi,
lakini ulichokisugua kimeshakuwa vumbi
na vumbi limeshakupigisha chafya.

Ndeonasia hutengeneza kucha za watu karibu na stendi.
Akanirushia tupa ya sponji, ya waridi, iliyochakaa.
"Hiyo hupinda," akasema.
"Wateja wangu wana kona kuliko hiyo treni yako."
Ikapinda. Ikafika karibu.
Karibu si hapo.
Akauliza tena lile swali lake:
"Kwani nani atachungulia huko?"
Sikumjibu.
Baba alilala chali chini ya mabehewa miaka ishirini na sita,
na hakuna abiria aliyewahi kupandia treni kwa chini.

Jumanne umeme ukakatika.
Nikakaa na giza, mimi na harufu ya gundi,
neno likawa linajigeuza mdomoni:
msasa, msasa.
Kabla halijawa karatasi yenye namba mgongoni
lilikuwa mti.
Bibi Manka, kule Uru, alisugulia majani yake
kata ya mbege mpaka ikawa laini kama shavu,
na mimi nilikuwa mtoto wa kushika maji tu.

Asubuhi nikashuka mtoni Rau.
Kijana mwenye mbuzi wanne akanionyesha mti,
akauliza ni dawa ya nini, naumwa wapi.
Nikamwambia: kwenye treni.
Akahesabu mbuzi wake, akasogea mbali kidogo.

Jani bichi halivunjiki mgongo.
Nililikata ukanda mwembamba, nikaupitisha nyuma ya ngazi,
nikavuta huku, nikavuta huku,
kama mtu anayetoa nyama katikati ya meno.
Sauti yake ndogo, ya ng'ombe akilamba chumvi nyumba ya pili.
Nikafumba macho,
maana jicho lilikuwa likinidanganya,
kila likiona kivuli linasema pamelainika.
Nikachomeka uzi wa kushonea: ukakwama.
Jani jingine. Ukakwama.
Jani la tano, au la sita,
uzi ukapita kama hakukuwa na kitu.

Ribiti nimezirudisha kwa matone ya gundi, moja moja.
Ya katikati imekaa upande.
Nimeiacha.

Usiku nikasikia kiti kikisogezwa.
Mwanga wa simu ukutani.
Ndeonasia ameligeuza garimoshi chali mkononi,
amefumba jicho moja, anachungulia.
"Kumebaki kavumbi ka kijani," akasema,
akidhani nimelala.
Kisha akapuliza.